LAND ROVER YA MKULIMA: TUNZA KWANZA, ONGEZA BAADAYE

Ukipita katika skimu zetu za Meru na Embu si ajabu kuiona Land Rover ya zamani imesimama chini ya mwembe, magurudumu yamezama udongoni na kuku ametaga chini ya kiti cha dereva. Ukimwuliza mwenyewe atakuambia gari limekufa. Mara nyingi halikufa. Liliachwa tu.

Siku hizi wako vijana, na hata wazee, wanaozinunua gari hizo na kuzifufua kwa mikono yao siku za mapumziko, kwa kupenda tu. Mimi ni mmoja wao. Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama mtu aliyesimama mbele ya ubao. Gari letu tulilinunua watu watatu: mimi, dereva mmoja wa kiwanda cha kahawa, na mzee jirani yangu ambaye aliendesha gari za namna hii tangu ujana wake.

Somo la leo lina neno moja la kukumbuka. Gari hutunzwa kwanza, ndipo huongezwa. Tena kila kitu unachoongeza huleta deni mahali pengine katika gari lile lile. Mtu wa skimu ajua maana ya deni. Deni la gari usipolilipa kwa spana, utalilipa kwa njia nyingine, na njia hiyo si nzuri.

GARI LILILOZALIWA SHAMBANI

Yafaa kujua asili ya kitu kabla ya kukishika. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey. Kazi za shamba lile alizifanya kwa Jeep ya Marekani iliyobaki baada ya vita. Akaona kwamba kampuni yake yaweza kuunda gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule chuma kilikuwa haba, kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu.

Baadaye ilikuja Series II mwaka 1958, na Series III mwaka 1971, ambayo iliendelea kuundwa hata mwaka 1985. Zile zilizofuata zilipewa jina la Defender mwaka 1990, na ya mwisho ya ukoo huo ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Ndiyo kusema Series uliyo nayo, hata ikiwa changa kuliko zote, imepita miaka 40. Gari la umri huo linahitaji adabu kama mzee wa umri wowote.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Wakiona bodi haina kutu husema gari ni zima. Lakini mifupa ya gari, yaani chesisi iliyo chini, ni ya chuma, nayo huoza kutoka ndani, mahali ambapo matope na maji hukaa pasipo kuonekana. Kabla ya kutoa fedha zako, lala chini ukiwa na nyundo ndogo, ugonge chesisi kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti nzito, na pengine nyundo hutoboa. Injini iliyokufa yaweza kufufuliwa polepole. Chesisi iliyooza itakula fedha zako zote kabla gari halijatembea.

FIMBO TATU NA KAZI ZAKE

Katika Land Rover za Series utaona fimbo tatu karibu na goti la dereva. Ya kwanza ni ya gia za kawaida. Ya pili ina kichwa chekundu, nayo huchagua kati ya mwendo wa juu na mwendo wa chini. Ya tatu ina kichwa cha njano. Ukiibonyeza ya njano, magurudumu ya mbele nayo huanza kuvuta pamoja na ya nyuma.

Fimbo nyekundu ikiwa mbele, uko katika mwendo wa juu. Ukiivuta nyuma, uko katika mwendo wa chini, na magurudumu yote manne huvuta yenyewe, hata kama hukugusa ya njano. Usiivute nyuma gari likitembea. Simama kwanza, kisha vuta.

Sasa sikiliza vizuri, maana watu wengi wamevunja vyuma kwa kutojua jambo hili. Watazame ng'ombe wawili walio katika nira moja wakigeuka mwisho wa shamba. Yule wa nje hutembea mbali kuliko yule wa ndani. Magurudumu ya gari hufanya vivyo hivyo kwenye kona. Difu iliyo katikati ya ekseli ndiyo huruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kutofautiana. Lakini magurudumu ya mbele nayo huzunguka duara kubwa kuliko ya nyuma, na katika gari hizi hakuna difu kati ya mbele na nyuma. Kwenye matope si kitu, maana gurudumu huteleza kidogo na tofauti huisha. Kwenye lami haliwezi kuteleza. Vyuma hujisokota kama kamba, usukani huwa mzito, na mwishowe shafti hukatika.

Kwa hiyo ukitoka matopeni na kufika kwenye lami, simama. Vuta fimbo nyekundu nyuma, kisha uirudishe mbele. Kichwa cha njano kitaruka juu chenyewe. Hapo ndipo uendelee na safari.

KAZI YA KUTUNZA

Nunua daftari la shule. Kila kazi uifanyayo iandike pamoja na tarehe na kilomita. Daftari ni la bei ndogo kuliko spana, lakini hakuna chombo kinachofaa kuliko hicho, maana kichwa cha mtu husahau.

Kila siku kabla ya kuondoka:

1. Pima oili ya injini gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa baridi.
2. Tazama maji ya rejeta. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Wako watu waliochomeka uso.
3. Tazama mafuta ya breki. Yakipungua, usijaze tu na kwenda zako. Mafuta hayo yametoka mahali. Tafuta mahali hapo kwanza.
4. Inama utazame chini ya gari. Mafundi hutania kwamba Land Rover isiyovuja haina oili ndani. Huo ni utani, wala si ruhusa. Tone jipya ni barua kutoka kwa gari, isome.
5. Tazama matairi na nati zake zote.

Kila juma:

1. Bonyeza fani belti kwa kidole. Ikilegea, injini itachemka.
2. Tazama maji ya betri, na usafishe vichwa vyake.
3. Tia grisi kwenye viungo vya propela shafti.
4. Fungua chombo cha kusafishia hewa. Katika gari nyingi za Series chombo hiki kina oili chini yake, na vumbi hunaswa humo. Yule anayeendesha katika vumbi la Mbeere au Tharaka ataona oili imekuwa uji. Imwage, safisha, tia mpya. Vumbi likipita hapo huingia katika silinda na kusaga pistoni kama jiwe la kusagia.

Kila kilomita 5,000, au mapema zaidi kama njia zako zina vumbi na maji mengi, badili oili ya injini na filta yake. Wakati huo huo fungua vizibo na kupima oili ya giaboksi, ya kisanduku cha gia cha pili, ya difu mbili, na ya vile vikombe vya duara vilivyo nyuma ya magurudumu ya mbele. Wengi husahau vikombe hivyo kwa sababu havionekani kama vyombo vya oili. Vikikauka, viungo vya ndani hulika.

Liko jambo moja kuhusu kuvuka mito. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Ekseli ikitembea hupata moto, na hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka kwa njia hiyo. Ukiingia mtoni, maji huipoza ghafula, na ekseli huvuta pumzi. Kipumulio kikizibwa na matope, ekseli itavuta maji kupitia kwenye sili. Siku ya pili ukifungua kizibo utaona oili nyeupe kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi kitu. Imwage siku hiyo hiyo. Basi safisha vipumulio kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya zile za Oktoba.

JEKI NA BREKI YA MKONO

Mara nyingi katika masomo hutangulia yaliyo mepesi. Hili si jepesi, lakini laweza kuokoa maisha.

Breki ya mkono ya Land Rover za Series haishiki magurudumu. Hushika shafti iendayo nyuma. Sasa fikiri: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu hilo laweza kuzunguka hewani, na lile lililobaki chini laweza kuzunguka upande wa pili, huku shafti imesimama kimya. Ndiyo kusema breki ya mkono umeivuta mpaka mwisho, na bado gari laweza kuondoka juu ya jeki.

Kwa hiyo kabla ya kupiga jeki weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Wala usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara chini ya chesisi au ekseli, tikisa gari kwa mkono uone kama limetulia, ndipo uingie. Na watoto wasicheze karibu.

SASA TUJE KWENYE KUONGEZA

Gari likiwa zima, hapana ubaya mtu kutaka kuliongeza ili lipite mahali ambapo halikupita. Ni furaha ya haki. Lakini kila ongezeko tulipigie hesabu kama tunavyofanya na mbolea.

Matairi makubwa. Tuseme tairi la kwanza lina kimo cha inchi 28, nawe wataka kuweka la inchi 32. Utadhani gari limeinuka inchi 4. Sivyo. Ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo imeinuka inchi 2 tu. Hiyo ndiyo faida. Sasa tazama deni. Gawanya 32 kwa 28, utapata 1 na sehemu 14 hivi katika 100. Kila gurudumu likizunguka mara moja, gari huenda mbali zaidi kwa kadiri hiyo. Kipima mwendo hakijui jambo hili. Kikikuonyesha kilomita 70 kwa saa, wewe unakwenda 80. Tena gia zako zote zimekuwa ndefu, injini inavuta kwa shida mlimani, na breki zile zile za zamani zinapewa gurudumu kubwa na zito kulisimamisha. Kama ni lazima, chagua tairi lenye meno mazuri kabla ya lile lenye kimo.

Upepo wa tairi. Mchangani au matopeni, kupunguza upepo kidogo husaidia kuliko kununua tairi jipya, maana tairi hulala na kukanyaga mahali pakubwa zaidi. Kama kawaida yako ni 28, waweza kushuka mpaka 18 kwa mwendo wa polepole. Lakini uwe na pampu. Ukirudi kwenye lami na tairi laini, hupata moto na kupasuka.

Winchi na kamba. Winchi hukutoa shimoni, lakini uzito wake hulala kwenye springi za mbele miaka yote, hata siku usipoitumia. Na wakati wa kuvuta, watu wote wasimame mbali na kamba, mbali kuliko urefu wake. Kamba ya waya ikikatika hurudi kama mjeledi. Tupa gunia au blanketi zito juu yake katikati ili ikikatika ianguke chini.

Injini ya gari jingine. Wengine hutoa injini ya petroli na kuweka ya dizeli kutoka gari tofauti. Injini yenye nguvu kuliko ile ya kwanza hukabidhi nguvu hizo kwa giaboksi na shafti ambazo hazikuundwa kuzipokea. Utashinda mlima leo, na kesho utatafuta shafti ya nyuma. Tena jambo hili ni la sheria, kama nitakavyoeleza.

Kuinua springi. Juu ya hili sitaeleza kwa ubao. Nitaeleza yaliyonipata.

SIKU YA MTO ENA

Tulipomaliza kulifufua gari letu, mimi nilitaka liwe refu. Nilikuwa nimeona picha za gari za mashindano. Nikanunua springi zilizopinda zaidi, nikazifunga mwenyewe kwa siku mbili, na gari likainuka. Nililizunguka nikilitazama kama mtu aliyenunua fahali. Mzee jirani yangu alitazama akanyamaza.

Wakati wa mvua za masika tulikuwa tukirudi nyumbani kwa njia ya udongo inayoteremka mpaka mto Ena. Nyuma walikaa akina mama wawili na watoto wao, tuliowakuta njiani wakitoka kliniki. Juu ya mteremko mzee aliniambia, "Mwalimu, simama, uvute nyekundu." Nilitaka kusema kwamba mteremko ule naujua, lakini kwa heshima nikasimama, nikavuta fimbo nyekundu nyuma, nikaweka gia ya kwanza.

Katikati ya mteremko gurudumu la mbele la kushoto liliangukia katika mfereji uliochimbwa na maji. Nikakanyaga breki. Kanyagio ikaenda mpaka chini kama mguu unaoingia katika uji. Hapakuwa na breki kabisa.

Gari halikukimbia. Injini, katika gia ya kwanza ya mwendo wa chini, ililishika na kuliteremsha polepole mpaka kwenye mchanga wa mto, na hapo nikavuta breki ya mkono. Mikono yangu ilitetemeka hata sikuweza kufungua mlango.

Tulipoinama chini tuliona sababu. Mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu ni mfupi, umekatwa kwa kimo cha springi za kiwandani. Mimi niliinua gari, lakini mpira ulikuwa ule ule. Gari likiwa tambarare ulikuwa umenyooka kama kamba ya mbuzi anayetaka kukimbia. Gurudumu liliposhuka katika mfereji, ukakatika mdomoni. Na katika gari la namna yetu, mpira mmoja ukikatika magurudumu yote manne hukosa breki.

Mzee alisema, "Mwalimu, gari umelipandisha. Mpira hukuupandisha."

Nikajibu, "Ni kweli, mzee."

Mmoja wa wale mama alimfunga mtoto wake mgongoni, akavuka mto kwa miguu, wala hakusema neno. Tangu siku ile akituona njiani hutupungia mkono kwa adabu na kuendelea kutembea. Simlaumu. Ana haki.

Jumamosi iliyofuata nilirudisha springi za kimo cha kwanza, nikaweka mipira mipya ya breki mahali pote. Leo gari letu lina kimo kile kile kilichotoka kiwandani. Ukitaka kuinua lako, sikukatazi. Lakini fuata orodha hii kwanza: mipira ya breki iwe mirefu ya kutosha gurudumu likining'inia kabisa, viungo vya propela shafti visipinde kupita kiasi, na ukumbuke kwamba gari lililoinuka huanguka upesi zaidi ubavuni, hasa likiwa na mzigo juu ya paa.

UDONGO WETU NA MITEREMKO YETU

Yeye aliyejifunza kuendesha mahali pamoja asidhani amejua pote. Karibu na mlima Kenya udongo wetu ni mwekundu, na mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Hapo nenda polepole, usigeuze usukani ghafula, wala usikanyage breki kwa nguvu. Katika tambarare za kuelekea Mwea kuna udongo mweusi unaoshika tairi na kulijaza mpaka meno hayaonekani. Hapo usisimame katikati, na kama waweza, ngoja jua la siku moja. Chini Mbeere na Tharaka kuna mito ya mchanga. Shuka kwa miguu kwanza, upime kwa fimbo, ndipo upeleke gari. Na mto uliojaa usiuvuke hata kama gari lako lina kila kitu. Maji yanayokwenda kasi huinua gari.

Kwenye mteremko mrefu kanuni ni moja: shuka kwa gia ndogo, na uchague gia hiyo kabla ya kuanza kuteremka. Breki za gari hizi ni za ngoma. Ukizikanyaga mfululizo hupata moto, na zikiwa moto hazishiki. Sote twalijua daraja la mto Nithi, katika barabara ya Embu na Meru. Watu wengi wamepotea pale. Mwezi Julai 2022 basi moja lilitumbukia na zaidi ya watu 30 wakafa. Mteremko wa namna ile si mahali pa kujaribia breki. Breki hujaribiwa nyumbani.

MASHINDANO YASIYO YA KASI

Pengine utauliza: je, mchezo huu wa kuongeza magari una faida yoyote kwa mkulima? Unayo, na pengine umeiona bila kujua.

Tangu mwaka 1989 kumekuwa na mashindano hapa Kenya yanayoitwa Rhino Charge. Washindani hupewa vituo 13 porini na saa 10 za kuvifikia. Mshindi si mwenye kasi. Mshindi ni yule anayefika vituo vyote kwa kilomita chache kuliko wenzake. Ndiyo maana hupita katika makorongo na miamba badala ya kuzunguka. Kila kundi huchanga fedha, na fedha hizo hupewa shirika la Rhino Ark, lililoanzishwa mwaka 1988.

Kwanza fedha zile zilisaidia kujenga ua wa umeme kuzunguka milima ya Aberdare, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, uliomalizika mwaka 2009. Kisha mwaka 2012 ikaanza kazi ya ua wa namna hiyo katika mlima Kenya. Ndugu mkulima uliye karibu na msitu, wewe wajua maana yake. Wajua usiku wa kukesha ukipiga madebe, na asubuhi ya kutazama mahindi ya msimu mzima yamekanyagwa na ndovu. Ua hulinda msitu na wanyama, nao hulinda shamba pia. Kwa hiyo mtu aliyekaa usiku akifunga springi za gari lake kwa kupenda tu, aliweza kuwa na sehemu katika gunia lako la mahindi.

Tena tujifunze kutoka kwao. Makundi yale hutembea na mafundi, hupima njia kwa miguu mbele ya gari, na hukagua magari kabla ya kuanza. Mwenye kutazama picha tu huona gari limesimama juu ya jiwe. Haoni miezi ya kazi iliyotangulia. Mimi sikuiona.

FEDHA NA SHERIA

Mapenzi ya gari ni kama shimo la maji: hufai kuchimba bila kujua utafika wapi. Weka fedha za gari katika hesabu yake peke yake. Zisitoke kwenye karo ya shule, wala mbegu, wala malipo ya shamba. Mwezi usio na fedha, safisha gari na upake grisi. Kazi hizo ni za bei ndogo na zina faida kubwa. Tena usinunue kitu cha kuongeza maadamu daftari lako lina kitu cha kutengeneza ambacho hakijafanywa. Sisi watatu tumeiandika kanuni hiyo ukurasa wa kwanza.

Upande wa sheria, gari lako limeandikwa pamoja na namba ya injini na rangi yake. Ukibadili vitu hivyo, jambo hilo lapaswa kuandikishwa kwa NTSA, ambao ndio wenye kazi hiyo. Mwarifu pia mwenye bima yako kabla ya kubadili jambo kubwa. Bima inayolijua gari moja yaweza kukukana ukiwa na gari jingine.

MASWALI YA KUJIPIMA

Soma tena somo hili, kisha jibu bila kutazama. Kama mna kikundi, ulizaneni.

1. Kwa nini bodi isiyo na kutu haitoshi kuonyesha kwamba Land Rover ni nzima?
2. Kwa nini haifai kuendesha kwenye lami huku magurudumu yote manne yanavuta?
3. Tairi la inchi 30 likibadilishwa kwa la inchi 33, ekseli itainuka kwa inchi ngapi? Kipima mwendo kikionyesha 60, unakwenda kilomita ngapi kwa saa?
4. Gurudumu la nyuma liko juu ya jeki, na breki ya mkono imevutwa. Je, gari limeshikwa? Eleza sababu.
5. Umeinua springi. Taja vitu vitatu vya kukagua kabla ya kutoka nyumbani.

Jibu la swali la tatu ni inchi 1 na nusu, na kilomita 66. Mengine yote yamo ndani ya somo.

Ndugu mkulima, kama unayo Land Rover chini ya mwembe, Jumamosi hii waondoe kuku, ulale chini na nyundo yako ugonge chesisi. Na kama unalo linalotembea, liwe Land Rover, Land Cruiser au jingine, inama kabla ya kwenda popote uitazame mipira ya breki, mmoja mmoja. Ni kazi ya dakika tano. Watu unaowapakia nyuma hawawezi kuiona mipira hiyo. Wanakuamini wewe kwamba umeitazama.